Kiti Ambacho Hakuna Aliyekiomba

Kwa Meneja Mkuu,
Kiwanda cha Vitanda vya Wagonjwa,
Ghorofa ya juu, mlango wenye zulia.

Ndugu Meneja,

YAHUSU: KUFUTWA KWA KITI CHA MWANANGU SIKU YA IJUMAA

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote walio chini yako, hata yule msimamizi wa mwanangu ambaye habari zake zinakuja huko mbele. Hunijui. Mimi ni mama wa yule binti anayekaa dirishani katika chumba chenu cha wachoraji, mwenye kikombe cha bluu. Kikombe nilimnunulia mimi. Naambiwa umri wako unalingana na wa mwanangu wa kwanza, kwa hiyo nitakuita Ndugu kwa heshima, na nikisahau nikakuita mwanangu, ujue hiyo nayo ni haki yangu.

Mimi si mtu wa kujisifu. Uliza mtaa mzima, watakwambia mama yule hajisifu, maana nimekwisha kuwaambia. Lakini ili uelewe uzito wa jambo hili ni lazima ujue unafanya kazi na nani. Huyu ni kitinda mimba wangu. Alipokuwa bado anatambaa aliifungua redio ya baba yake kwa kijiko, akavipanga vipande vyote sakafuni kwa ukubwa, kuanzia spika mpaka skrubu ya mwisho. Redio haijasema neno hadi leo, lakini mpangilio ule! Watu walikuja kuutazama. Baba yake anaiweka mezani mpaka sasa, na saa ya taarifa ya habari ikifika huisogeza karibu na sikio.

Kazi anayowafanyia naifahamu, usidhani nazungumzia nisiyoyajua. Jioni huja nayo nyumbani kwenye laptopu, nami hukaa nyuma ya bega lake nikifuma masweta. Upande wa kushoto wa kioo pana mti uliopinduliwa, shina juu, matawi chini. Hizo ndizo sifa, yaani mambo ambayo hospitali inaweza kuomba kitanda kiwe nayo. Kiwe na magurudumu. Kiinue mgongo wa mgonjwa. Kiwe na vizuizi vya pembeni asidondoke. Upande wa kulia pana kitanda chenyewe, kila kipande na jina lake: gurudumu, breki, mpini, bomba, skrubu. Mwanangu anashika sifa huku, anavuta mstari, anaufunga kwenye kipande kule. Tangu hapo hospitali ikisema haitaki magurudumu, magurudumu yanatoweka yenyewe kwenye mchoro na miguu mifupi inachomoza. Mchoro mmoja unazaa ukoo mzima wa vitanda! Nilipoona mara ya kwanza nilidondosha sindano. Nikamwambia, wewe ni mshenga, unaozesha maombi ya watu na vyuma. Akacheka akasema, "Ndiyo hivyo hivyo Mama, ila huku hakuna anayekula pilau." Ana maneno huyo, kayatoa kwangu.

Sasa, kwenye kitanda hicho mwanangu amechora kitu chake mwenyewe. Ni kiti kidogo cha kukunja, kimejificha ubavuni chini ya godoro. Ukikivuta kinafunguka, mtu anakaa kando ya mgonjwa wake. Ukimaliza unakisukuma, kinarudi ndani kama ulimi. Kilianza mwaka nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga. Wodini hapakuwa na kiti hata kimoja. Muuguzi alituambia viti vyote vimehamishiwa ofisi ya uhasibu, maana kule watu wanakaa muda mrefu zaidi. Basi aliyekuja kuniuguza alikalia ndoo iliyopinduliwa. Mimi nilikuwa kwenye usingizi wa dawa, lakini kila nilipofumbua macho namwona mwanangu juu ya ndoo, magoti yamegusa kidevu, daftari la chuo mapajani. Mtoto wa namna hiyo, Ndugu Meneja, hapatikani dukani.

Leo naambiwa Ijumaa mtakuwa na kikao, na katika kikao hicho mtabonyeza kitufe, na kiti kitafutwa. Sababu? Hakina mstari. Mna kanuni ukutani kwenu inayosema kipande chochote ambacho hakikufungwa kwenye sifa iliyoombwa na mteja kifutwe. Na hakuna hospitali iliyowahi kuomba kiti cha muuguzaji. Mwanangu tangu Jumatatu hali vizuri. Anasukuma chakula huku na huku kwenye sahani kana kwamba anatafuta kipande kilichopotea. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Nalalamikia lugha. Kipande kisicho na mstari mnakiita yatima. Nimesikia kwa masikio yangu yule msimamizi wake, huyu tunayemwita Tai Fupi kwa sababu tai yake haifiki kitovuni, akisema kwenye simu, "Kile kiti ni yatima, tufanyeje?" Kitu kilichochorwa na mwanangu kinakuwaje yatima, naye yu hai, na mimi bibi yake kiti ni mzima wa afya isipokuwa nyonga? Kina wajomba! Naomba neno hilo liondolewe kabla ya mengine yote.

2. Nalalamikia kanuni yenyewe. Imeandikwa na mtu asiye na uchungu. Sijui ni nani, na sitaki kumjua, ila naweza kukuelezea alivyo: ni mtu aliyelelewa na saa ya ukutani. Hebu fikiri, mwanangu. Kila kisichoombwa kifutwe! Nani alimwomba huyu kitinda mimba? Tulikuwa tumekwisha kufunga duka. Nguo za watoto nilikuwa nimezigawa, na kitanda cha mtoto kilikuwa kinafugiwa kuku. Akaja. Kwa kanuni yenu angefutwa, na leo ukoo wenu wa vitanda ungechorwa na nani? Na Tai Fupi? Nani aliiomba mvua ya juzi? Nani alikuomba wewe, kwa heshima zote? Muulize mama yako taratibu, siku akiwa na furaha.

3. Nalalamika kwamba mambo haya yanarekebishika kwa dakika moja na hamtaki. Mistari iko pale, kipanya kiko pale. Chukueni kiti mkifunge kwenye magurudumu. Nani atajua? Nimeona skrubu moja kwenye mchoro huo ina mistari minne, imefungwa kwa magurudumu, kwa mgongo, kwa vizuizi na kwa nguzo ya dripu, waume wanne mchana kweupe, na hakuna aliyeiita kikaoni. Kiti cha watu kikitafuta mume mmoja tu, inakuwa kashfa.

4. Hili nimelifuta. Mume wangu amelisoma akasema lina matusi. Mtalikuta kwenye karatasi ya pembeni.

5. Ili msiseme napinga nisichokijaribu, nimeijaribu kanuni yenu nyumbani kwangu. Ukuta wa kushoto wa sebule nilibandika sifa, mambo yanayoombwa na watu wa nyumba hii: chakula kiwe cha moto, mlango ufungwe, wajukuu wacheke, nguo ziwe safi, paa lisivuje. Ukuta wa kulia nikabandika vipande: sufuria, kitasa, bibi (mimi), sabuni, bati, jogoo, mfuniko, redio, na kila mtu anayekula hapa. Halafu nikachukua uzi wangu wa sufu, mwekundu, nikaanza kuunganisha. Kwa kweli nilijua mwanangu kachukua akili upande gani. Mimi peke yangu nilikuwa na nyuzi nyingi mpaka karatasi yangu ikachanika. Jogoo alipata uzi mmoja, wa kuamsha watu, ingawa sifa hiyo hakuna aliyeiomba ila yeye mwenyewe.

Nilipomaliza, vilivyobaki bila uzi vilikuwa vitatu: mfuniko usio na sufuria, redio, na mume wangu.

Nilirudia kuhesabu kwa haki. Nikauliza nyumba nzima, nani kamwomba Baba nini? Mkwe wangu, ambaye ni fundi umeme na mtu wa kupima maneno, akasema labda kufungua mitungi. Lakini mitungi tulikwisha kuacha kuinunua. Nikamwendea mzee pale dirishani na redio yake, nikamwambia, Baba Kitinda Mimba, kwa mujibu wa kanuni ya kiwandani wewe unafutwa Ijumaa. Akafikiri, akauliza kama anaruhusiwa kumaliza chai kwanza. Sasa angalia kanuni yenu inavyoumiza watu! Mtu wa umri ule, amekaa na kikombe, hajui amalize au asimalize.

Tangu hapo sebule haipitiki. Mkwe wangu alipotaka kutoka alinaswa shingoni na uzi wa paa lisivuje, tukaukata kwa mkasi. Jirani yetu fundi viatu alikuja kuchungulia, akasema hata yeye anataka kuunganishwa, kwa sababu kwake nyumbani anahofia matokeo. Nikampa uzi wa nguo ziwe safi, si haki lakini ni jirani. Kesho yake walikuwa watu saba mlangoni, wote wanaomba sifa. Mama muuza mkaa alikuja na mume wake kamshika mkono, akasema, "Huyu mtafutie pa kumfunga popote, hata kwa jogoo."

6. Kutokana na hayo, sasa naleta ombi rasmi, na naomba usiliangalie kwa jicho la kengeza. Kwenye ule mti wenu nimeona vidoti. Kidoti cheusi maana yake ni lazima, cheupe maana yake ni hiari. Godoro ni lazima, magurudumu ni hiari. Naomba iongezwe sifa mpya, juu kabisa karibu na shina, iitwe MAMA, yenye kidoti cheusi. Kitanda chochote kitakachotoka kiwandani kiwe na mama, hospitali itake isitake. Mama akishakuwemo, kiti kitahitajika chenyewe, kwa maana mama atakaa wapi? Hapo kiti kitakuwa na mstari halali na Tai Fupi atafunga mdomo wake.

Nakuona unauliza, mama huyo atatoka wapi. Nimelifikiria. Kitanda cha kwanza nitakwenda nacho mimi. Nyonga yangu imepona na kufuma naweza kufumia popote. Vitanda vinavyofuata nimekwisha kuandikisha akina mama wa mtaa huu, watu wa uhakika, wasiokoroma. Fundi viatu amemtoa mama mkwe wake bila hata kuombwa. Swali pekee lililobaki ni kama vitanda viwili vilivyokaribiana vinaweza kutumia mama mmoja, na je, mama akisafirishwa ndani ya kasha, litobolewe matundu ya hewa. Hayo ni ya wataalamu, mwanangu atachora.

7. Kama ombi la sita litashindikana, basi nalalamika kwamba nitalazimika kuja kikaoni mwenyewe. Nitakuja na uzi. Nitawafunga mmoja mmoja, wewe na wasaidizi wako, kwa yale mliyoombwa na watu, na atakayebaki bila uzi tutamjadili. Zulia lako nalo lijiandae.

Nafunga hapa kwa kuwa mkono umechoka na sufuria iko motoni. Fikisha salamu zangu kwa mama watoto na watoto, kwa waunga vyuma wote, kwa yule mhasibu wa ghorofa ya kwanza aliyempa mwanangu mwavuli siku ile ya mvua, na kwa mlinzi wa geti ambaye hunipa maji ya kunywa. Tai Fupi msalimie pia, lakini kwa kifupi.

Wako katika kupigania haki,

Mama wa Binti wa Kikombe cha Bluu.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Ndugu Meneja, nilikuwa nalamba bahasha mwanangu alipoingia kutoka kazini. Akapita chini ya nyuzi kwa magoti, akaichukua barua, akaisoma yote akiwa amesimama na mkoba begani. Kwanza alicheka. Kufika namba mbili akaacha kucheka, akakaa chini. Akasema, "Mama, kanuni ile niliiandika mimi."

Kumbe ni yeye! Kumbe mwaka juzi kuna chuma kilisahaulika kwenye mchoro, hakina mwenyewe, hakuna aliyekiomba. Kiwandani wakakitengeneza hivyo hivyo, kikatokeza ubavuni mwa kitanda, muuguzi mmoja akapita kando yake kikamchana paja. Ndipo mwanangu akaandika kwamba kila kipande kiwe na mwenye kukiomba, la sivyo kifutwe, na ninyi mkaibandika ukutani. Tena anasema jina lake liko pale chini, kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo namba mbili naomba uisome kinyume. Ni kanuni bora sana. Imeandikwa na mtu mwenye uchungu mkubwa, aliyelelewa vizuri mno, na herufi za jina lake ziongezwe ukubwa. Namba moja achana nayo, neno ni la kazi. Namba tatu ichome moto kabisa, maana Tai Fupi ndiye aliyempigia simu kumsihi wakifunge kiti kwenye magurudumu kwa siri, kukiokoa, na mwanangu akakataa. Alimwambia wakifanya hivyo, siku hospitali maskini ikisema haina haja ya magurudumu, kiti kitatoweka nayo, na wagonjwa wa kule ndio wenye watu wa kukalia ndoo. Tai Fupi mpe salamu ndefu. Mwambie ninamfumia tai.

Basi nikamwuliza, sasa kiti kinakufa hivi hivi, na kanuni ni yako? Akasema, "Kitakufa, Mama. Hakuna aliyekiomba. Aliyekihitaji hajui kuomba." Nikamwambia, lakini wewe ulikaa kwenye ile ndoo. Akanitazama vile anavyoitazama skrubu asiyoijua. Akasema, "Mimi nilikuwa nakuja jioni tu, Mama. Baba ndiye alikuwa anakaa. Usiku kucha, kila siku. Ukitaka kuamka anaondoka, anasema ukimwona utamfukuza akalinde nyumba." Kumbe hata upana wa kiti alimpimia yeye, pale dirishani, kwa rula ya chuo, akidhani anapimiwa suruali.

Nikamgeukia mzee. Nikamwuliza, nani alikuomba ukae kule? Akasogeza redio yake pembeni akasema, "Hakuna aliyeniomba." Akaendelea na chai, ilikuwa haijaisha.

Ndugu Meneja, malalamiko yangu yote nayaondoa, pamoja na akina mama niliowaandikisha, isipokuwa mama mkwe wa fundi viatu ambaye amekwisha kufunga mizigo. Badala yake naandika kama mteja, kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu: mimi naomba. Ongezeni sifa kwenye mti. Msiiite MAMA. Iiteni ANAYEKAA. Kipande chake ni kiti, mchoro mnao. Kidoti chake wekeni cheusi.

Karatasi ya mume wangu nimeifunga uzi. Nilitafuta ukutani sifa ya kumwunganisha nayo, sikuona iliyomtosha, basi ncha ya pili nimeifunga mkononi mwangu, na fundo limekaza. Kwa hiyo Ijumaa tutakuja wawili. Tuwekeeni viti viwili, au kama vyote viko uhasibu, ndoo mbili.